Je, Yafaa Kutengeneza au Kubadili?

Liko swali moja ambalo kila mwenye nyumba hulijibu mara nyingi katika mwaka, wala hajui ya kuwa amelijibu. Nalo ni hili: kitu kikiharibika, yafaa tukitengeneze, au tukiondoe na kuweka kingine mahali pake? Twalijibu tunapotazama jembe lililolegea mpini, na sufuria iliyotoboka, na wavu uliochanika. Mara nyingi twalijibu kwa kutazama mfuko tu: mwenye fedha hununua, asiye nazo hutengeneza, na shauri limekwisha. Lakini sisi tumeonyeshwa ya kuwa swali hilo ni la haki pia, tena tulionyeshwa kwa kukosa. Kwa hiyo tumeona vema kuwaandikia habari yenyewe, ingawa ni ya vitu vidogo viwili, yaani gari la moshi la kuchezea na kiti cha mzee.

Sisi twakaa Nkome, ufukoni mwa ziwa la Viktoria, katika nchi ya Geita. Wageni wakisikia jina la Geita hufikiri dhahabu. Lakini kwetu watu wengi huamka na kutazama maji. Alfajiri mitumbwi hurudi mwaloni na dagaa, taa zake zikiwa zimezimwa, na wachuuzi husimama mchangani wakingoja. Nyumba yetu iko juu kidogo ya mwalo, na mbele yake pana mwembe. Chini ya mwembe huo ndipo kilipokuwa kiti cha Mzee.

Mzee huyo watoto humwita Babu, nasi wakubwa humwita Mzee tu. Katika ujana wake alikuwa katika kikosi cha watu waliotunza njia ya gari la moshi upande wa Shinyanga, katika tawi lile litokalo Tabora ambalo lilifika Mwanza mwaka 1928, kabla yeye hajazaliwa. Kila kikosi kilikuwa na kipande chake cha njia. Mtu alitembea kipande hicho akitazama bolti na mataruma, akigonga chuma kwa nyundo na kusikiliza sauti yake. Mwaka 1977 shirika la reli la Afrika Mashariki lilipovunjika na Tanzania kuanzisha shirika lake, fundi seremala mmoja wa Shinyanga alimtengenezea kiti. Kilikuwa kiti cha kuegemea, cha mbao za mninga, chenye mikono mirefu na mipana; mahali pa kukalia na pa mgongo palisukwa kwa kamba za ngozi ya ng'ombe. Alipohamia Nkome alikuja nacho. Katika mkono wake wa kuume palikuwa na bonde dogo, kama bonde la jiwe la kusagia, mahali alipozoea kupitisha kidole gumba chake akiwa katika kufikiri.

Basi usiku mmoja wa masika kamba mbili za kiti hicho zilikatika, Mzee akaanguka. Hakuvunjika mfupa, lakini sisi tuliogopa sana. Tulikaa baraza usiku ule ule, na shauri letu likaisha kabla chai haijapoa: kiti kimezeeka, kitamwua Mzee, tumnunulie kingine. Siku mbili baadaye alipokwenda kutazamwa macho yake, kwa maana yamekuwa na ukungu, tulileta kutoka mjini Geita kochi jekundu lenye sponji nene, tukaliweka barazani. Kiti cha zamani tulikitupa nyuma ya nyumba, karibu na kuni za kubanikia samaki.

Mzee aliporudi alipapasa kochi kwa mikono miwili, akasema, "Asanteni, wanangu. Ni kizuri." Akakaa juu yake siku moja. Siku ya pili hakutoka nje. Siku ya tatu vile vile. Alikaa ukingoni mwa kitanda chake, mlango ukiwa wazi, akitazama sakafu. Wavuvi waliozoea kumwamkia na kumletea magomvi yao ya nyavu awaamue, walipita, wakatazama mwembe, wakaenda zao.

Tulifanya nini? Tulikaa tena baraza. Mmoja wetu alisema ni ugonjwa, apelekwe hospitali. Wa pili alisema ni hasira, kwa kuwa wazee hupenda vitu vyao kama watoto wapendavyo vyao, nayo itaisha. Jirani mmoja alitukumbusha methali, kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Tukacheka, tukamjibu kwa nyingine, kwamba kipya kinyemi kingawa kidonda. Tukaona tumejibizana vizuri. Wala hapana mtu hata mmoja aliyekwenda kumwuliza Mzee mwenyewe.

Sasa twaeleza jambo la pili. Siku zile zile kijana wetu, ambaye anajifunza ufundi wa umeme Mwanza, alikuja nyumbani kwa likizo. Alivuka kwa daraja la Kigongo na Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, akileta sanduku alilolinunua katika mitumba. Ndani yake mlikuwa na gari la moshi dogo la kuchezea, mabehewa matatu, na vipande vingi vya reli. Vitu vya namna hii si vipya duniani. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha magari ya moshi ya kuchezea pamoja na reli zake za vipimo maalum katika maonyesho ya Leipzig mwaka 1891, nayo yaliendeshwa kwa springi ya kuzungushwa kwa ufunguo. Hili la kijana wetu ni la umeme. Kila kitu kimepunguzwa mara 87, na nafasi kati ya reli zake mbili ni milimeta 16.5, hali reli ya kweli ya Mwanza ina milimeta 1000.

Jinsi linavyokwenda ni hivi. Umeme hutoka katika betri, hupita katika reli moja, huingia katika gurudumu la chuma, huzungusha mota, kisha hutoka kwa gurudumu la upande wa pili na kurudi katika betri kwa reli nyingine. Njia ya kwenda na njia ya kurudi lazima zote mbili ziwe nzima. Kijana alitumia betri ya volti 12, ya namna ile wavuvi watumiayo kwa taa za dagaa, akatia swichi na fyuzi, akatandika vipande 17 sebuleni. Penye mlango wa nje palikuwa Mwanza. Katikati palikuwa Shinyanga. Na karibu na chumba cha Mzee palikuwa Tabora, ambapo alinyanyua reli kwa vibao ili pawe na mlima. (Wenye kujua nchi ile watacheka, lakini watoto walitaka mlima.)

Likaondoka Mwanza vizuri, likapita Shinyanga, na lilipofika penye mlima wa Tabora likasimama. Watoto wakalia. Kijana akasema kipande cha pale mlimani ni kibovu, akakibadili. Likasimama pale pale. Akabadili na cha jirani yake. Likasimama. Jioni ya kwanza ikaisha.

Jioni ya pili sisi wakubwa nasi tuliingia katika kazi ile, maana jambo la kutafuta huvuta moyo. Tukafungua mota, tukaisafisha, tukabadili waya, tukapunguza behewa moja. Mambo hayo matatu tuliyafanya kwa mara moja. Gari likapanda hatua mbili zaidi, kisha likasimama, wala hatukujua ni lipi kati ya hayo matatu lililosaidia. Tukalala saa sita ya usiku, nasi hatukuona uchovu.

Jioni ya tatu, gari likiwa linapita, sauti ilitoka chumbani. Mzee alisema, "Halichoki pale mlimani. Linachoka tangu hapo karibu na mlango. Sikilizeni."

Kijana akajibu, "Lakini Babu, hapo mlangoni linapita vizuri kabisa."

"Linapita, mjukuu wangu, lakini sauti yake imeshuka. Mtu mwenye njaa huenda vizuri katika tambarare. Mlima ndio humshitaki."

Hapo kijana alikumbuka mafundisho yake. Alichukua taa ndogo yenye nyaya mbili, akaigusisha katika reli zote mbili ili aone nguvu iliyopo mahali hapo. Viungo vya reli vilikuwa 16. Hakupima kimoja kimoja. Alianza katikati, baada ya kiungo cha 8: taa ikawa hafifu, basi kasoro iko nyuma, upande wa betri. Akapima baada ya cha 4: hafifu. Baada ya cha 2: ikawaka sana. Baada ya cha 3: hafifu. Kwa kupima mara nne tu alikuwa ameweka kidole chake juu ya kasoro yenyewe, yaani kiungo cha tatu kutoka mlangoni, kilichokuwa kimelegea na kuota kutu. Kiungo cha namna hiyo hakizuii umeme wote. Hula sehemu yake, na gari huendelea kwa nguvu iliyobaki mpaka litakapodaiwa zaidi ya iliyobaki. Kijana alikisugua kwa msasa, akakibana kwa koleo. Gari likapanda mlima, watoto wakapiga vigelegele.

Mtoto mmoja mdogo akakimbia chumbani, akasema, "Babu, njoo ukae kwenye kochi uone!" Mzee akatabasamu, asijibu. Ndipo mmoja wetu, labda kwa kuwa kichwa chake kilikuwa bado kimejaa habari za kutafuta kasoro, alimwuliza lile ambalo lilipasa kuulizwa tangu siku ya kwanza: "Mzee, mbona hukai barazani tena?"

Akasema, "Kochi lenu ni zuri, lakini likinimeza halinitapiki." Kisha akaeleza. Kochi lilikuwa chini mno na laini mno, wala mikono yake haikumpa mahali pa kushika, na magoti yake hayana nguvu ya kumwinua kutoka chini. Siku ile moja alikaa tangu asubuhi, na karibu na adhuhuri alihitaji kwenda nje. Sisi tulikuwa shambani na mwaloni. Alijaribu mara tatu kuinuka, akashindwa. Aliona haya kuita watoto. Yaliyofuata hakuyasema, nasi hatukumwuliza. Tangu siku hiyo alikaa kitandani, kwa sababu kitanda kiko juu, naye aweza kuinuka peke yake. Kile kiti cha zamani kilikuwa na mikono mirefu na migumu. Aliishika, akainama mbele, akasimama. Kwa miaka mingi kiti kile kilikuwa kwake nguvu ya magoti, na sisi tulikihesabu kuwa mbao kuukuu.

Wasomaji wapenzi, tulinyamaza wote. Kwa ajili ya gari la kuchezea tulikesha jioni tatu, tukafungua na kupima na kusikiliza, tusikubali kusema "limekufa." Kwa ajili ya kiti cha mtu, na kwa ajili ya mtu mwenyewe, hatukutumia hata muda wa kikombe cha chai.

Huenda mtu atasema: "Mnakuza neno dogo. Mlimpenda mzee wenu, mkatumia fedha zenu. Kosa ni nini?" Neno hili tumelifikiri sana. Ni kweli kwamba tulimpenda, na kiti kilikuwa kimemwangusha kweli. Lakini upendo una kazi mbili, kutoa na kuangalia, nasi tulitoa bila kuangalia. Tena yatupasa kukiri neno lililo gumu zaidi. Kununua kulitupa furaha. Watu walipita, wakasifu kochi. Kutengeneza kamba mbili za ngozi kusingetupa sifa yo yote. Basi tulipojiuliza kwa siri, "Lipi jema kwa Mzee?" tulikuwa tumekwisha kulijibu swali jingine, "Lipi jema kwetu kuonekana?"

Na kosa letu la pili lilikuwa lile lile la kijana mlimani. Yeye alitafuta kasoro mahali ilipoonekana, akabadili kipande kisicho na ubaya. Sisi nasi tuliona kimya cha Mzee, tukaitafuta kasoro katika kimya hicho: tukamwambia mgonjwa, tukamwambia mwenye hasira. Kasoro ilikuwa mahali pengine, katika kimo cha kochi na magoti yake. Ni mara ngapi twafanya hivyo? Mtoto hasomi, twasema ni mvivu. Kumbe haoni ubao. Mke amekuwa mkali, twasema ni tabia yake; kumbe amekuwa akilala saa nne tu tangu mtoto alipougua. Mwalimu wa zamani haji tena mikutanoni, twasema amepoa. Kumbe mikutano imehamishwa usiku, naye hana taa ya njiani. Alama huonekana mlimani, lakini kiungo kilicholegea kiko nyuma, mahali ambapo kila kitu chaonekana kupita vizuri. Ninyi mnaofundisha wengine mwalijua neno hili kuliko sisi.

Walakini hatupendi mtu afikiri ya kuwa twasema kila cha zamani kihifadhiwe. Huo nao ni ujinga, na ziwani ujinga huo huua. Hapa Nkome mtumbwi wa mbao hukaguliwa. Ubao uliooza hung'olewa, mwingine hutiwa, na nafasi zake hutiwa kalafati ili maji yasiingie. Mwenye mtumbwi asemaye, "Ubao huu ni wa baba yangu, siutoi," atawazamisha wana wa watu. Vile vile nchi yetu, ilipotaka gari la moshi la umeme liendalo hata kilometa 160 kwa saa, haikuweza kulipata kwa kuitengeneza reli ya zamani, maana reli mpya ina upana wa milimeta 1435, na mwendo ule hauwezekani juu ya njia iliyojengwa kwa kazi nyingine. Ilikuwa lazima kujenga mpya, na mwezi wa Juni 2024 abiria walianza kusafiri juu yake kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro. Lakini angalieni, ile ya zamani haikutupwa. Kutoka Dar es Salaam hadi Isaka, kilometa 970, ilitengenezwa upya, kwa sababu ilionekana bado ina kazi. Waliofanya hivyo walijiuliza juu ya kila njia: hii yaweza nini, nayo haiwezi nini? Swali hilo ndilo lenye akili. "Ni ya zamani au ni mpya?" si swali la akili.

Na mtumbwi watupa jambo jingine la kufikiri. Ubao mmoja hubadilishwa mwaka huu, mwingine mwaka ujao, hata baada ya miaka mingi pengine haubaki ubao hata mmoja wa kwanza. Je, ni mtumbwi ule ule? Swali hili ni la kale sana. Plutarch, mwandishi wa Wayunani, alisimulia kwamba watu wa Athene waliitunza merikebu ya Theseus, wakiondoa mbao zilizooza na kutia nyingine, hata wenye hekima wakabishana, hawa wakisema ni ile ile, na wale wakisema siyo. Wavuvi wetu hawabishani. Ukimwuliza mmoja atasema, "Ni mtumbwi wangu, mimi ndimi niliyeutia mbao hizo." Twaona jibu hilo lina maana kubwa kuliko lionekanavyo. Kitu hubaki kile kile kikibadilishwa polepole, kazi yake ikiendelea, na mwenyewe akijua na kukubali. Kikiondolewa chote kwa siku moja, mwenyewe hayupo, hata kama kilichowekwa ni kizuri mara kumi, hatuwezi kusema tumemtengenezea. Tumemwondolea, kisha tumempa kingine. Mtu aliyeondolewa kitu atajisikia kuwa ameondolewa, ijapokuwa atasema asante, kama Mzee alivyosema.

Sasa twamaliza habari ya kiti. Kesho yake asubuhi tulikwenda nyuma ya nyumba kukitafuta. Mkono wa kuume haukuwako. Ulikuwa umekwisha kuchomwa pamoja na kuni za samaki. Yaliyosalia tulimpelekea fundi, naye alikikagua kwa utaratibu kama kijana alivyokagua reli, akikigonga kila ubao. Alisema kamba mbili zimekatika na nyingine tatu zimechoka. Mguu mmoja wa nyuma umeliwa na mchwa, hautengenezeki. Mbao nyingine zote ni nzima kuliko mbao ziuzwazo leo. Kwa hiyo tulikuwa tumesema kweli nusu: kiti kilikuwa na hatari, na mguu ule ulipaswa kutupwa. Kama tungaliuliza fundi, angaliutoa mguu na kuacha kiti. Alifanya kazi ya siku mbili. Alitia mguu mpya, akasuka kamba mpya, akachonga mkono mpya wa mninga, akaupiga msasa sana hata ukawa laini.

Tukakirudisha chini ya mwembe, tukamwita Mzee. Alikuja akipapasa ukuta, akashika mikono yote miwili ya kiti, akakaa, kisha mbele yetu akasimama, akakaa tena, kama mtu anayejaribu mlango. Jioni hiyo wavuvi wawili walikuja na ugomvi wao. Kochi liko barazani mpaka leo, nalo lafaa sana kwa wageni wenye magoti mazuri. Gari la moshi dogo lakwenda Tabora kila jioni kijana akiwapo.

Lakini mara nyingi tumemwona Mzee, akiwa katika kufikiri, akipitisha kidole gumba chake juu ya mkono wa kuume wa kiti, huko na huko, akitafuta lile bonde. Halipo. Lilichukua miaka karibu 50 kuchimbika, nasi tulilichoma kwa kubanika samaki. Tulimwomba radhi, naye alitusamehe siku ile ile. Lakini msamaha wake haukurudisha bonde lile.

Basi twawaomba ninyi mnaosoma, mwe na shauri jema kuliko letu. Kabla ya kusema kitu kimekwisha, tafuteni ilipo kasoro yake. Wala msiitafute pale tu inapoonekana. Badilini neno moja kwa wakati mmoja, mjue lipi lililofaa. Kilichooza kweli kiondoeni bila hofu. Na kama kitu hicho ni cha mtu, hasa mtu asiye na nguvu ya kukataa, msikiguse kabla ya kumwuliza, tena mkiisha kumwuliza, ngojeni mpaka amalize kujibu.